Timazi ya Mgongo: Urari wa Mwili katika Upasuaji wa Uti wa Mgongo na Viungo

Utangulizi

Mwashi anapotaka kujua kama ukuta umesimama wima, huning'iniza timazi kando yake, kisha akaangalia pengo lililopo baina ya uzi na ukuta. Daktari mpasuaji wa mifupa naye hufanya jambo lilo hilo. Huchukua picha ya eksirei ya mgonjwa aliyesimama, iliyopigwa kutoka ubavuni, akachora mstari wima kutoka katikati ya pingili ya saba ya shingo hadi chini, na kupima umbali kati ya mstari huo na pembe ya nyuma ya sehemu ya juu ya sakramu, mfupa ulioko chini ya kiuno. Mstari ukipita mbele ya pembe hiyo kwa zaidi ya sentimita 5 hivi, mwili huhesabiwa kuwa umeegemea mbele kupita kiasi. Kipimo hiki ni sahili, lakini kimezaa elimu pana ambayo imebadilisha namna migongo inavyopasuliwa na, katika miaka ya karibuni, namna viungo bandia vya nyonga vinavyowekwa.

Elimu hiyo imeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Hata hivyo, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Sharti hili huonekana jepesi linapohusu homa au kidonda. Linapomhusu mtu anayetakiwa kuidhinisha pingili zake zikatwe na kukazwa kwa vyuma, ugumu wake hujitokeza mara moja. Daktari amefunzwa kwa Kiingereza, fomu ya idhini aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinachotumiwa kuziba pengo hilo hutungwa papo hapo, kando ya kitanda.

Makala haya yanaeleza misingi ya urari wa mwili kwa msomaji wa Kiswahili: jinsi mwili unavyojisimamisha, kwa nini upasuaji uliokusudiwa kuinyoosha migongo uliwahi kuipinda, na jinsi mgongo uliokazwa unavyohatarisha kiungo bandia cha nyonga. Njiani, yanazingatia maneno yanayohitajika ili mambo hayo yasemeke.

Ni vyema kuanza na jina lenyewe. Wataalamu huuita urari huu kwa neno linalotokana na Kilatini sagitta, yaani mshale. Mshono wa fuvu unaopita utosini kutoka mbele hadi nyuma uliitwa mshono wa mshale, na bapa linaloupasua mwili katika nusu ya kulia na nusu ya kushoto likarithi jina hilo. Kutafsiri kisisisi, 'urari wa mshale', kungempa msomaji kitendawili. 'Urari wa ubavuni' nao, ijapokuwa picha hupigwa kutoka ubavuni, humfanya msikilizaji amfikirie mtu aliyelalia upande mmoja, kasoro ambayo ni nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo, istilahi itakayotumiwa hapa ni 'urari wa mbele na nyuma'. Neno 'urari' lenyewe limetoka katika hesabu za biashara, ambako mapato na matumizi hukutana. Kama itakavyodhihirika, mwili nao una hesabu zake na madeni yake.

Mapindo ya Mgongo

Uti wa mgongo wa binadamu una pingili 33: za shingo 7, za kifua 12, za kiuno 5, nyingine 5 zilizoungana kuwa sakramu, na 4 hivi ndogo zinazofanya kitokono. Ukitazamwa kutoka mbele, unapaswa kuwa umenyooka. Ukitazamwa kutoka ubavuni, unyoofu huwa ugonjwa. Shingo hubonyea, kifua hubinuka nyuma, kiuno hubonyea tena, na sakramu ikabinuka. Mbonyeo na mbinuko hizi hupokezana ili kichwa, licha ya kuwa mbali na ardhi, kikae juu ya fupanyonga, na fupanyonga likae juu ya nyayo.

Mtoto mchanga hana mapindo haya yote. Mgongo wake huwa na upinde mmoja, jinsi alivyokuwa amejikunja tumboni. Anapoanza kukaza shingo na kuinua kichwa, mbonyeo wa shingo hujitengeneza. Anapoketi, akasimama na kutembea, mbonyeo wa kiuno hufuata. Kwa maneno mengine, mbonyeo wa kiuno ni bei ambayo binadamu hulipa ili asimame kwa miguu miwili. Uzee huelekea kuubatilisha mkataba huo. Visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili hukauka na kupungua kimo, hasa vile vya kiuno, mbonyeo ukapotea kidogo kidogo, na kiwiliwili kikaanza kuelekea mbele.

Mbonyeo wa kiuno haugawanyiki sawasawa baina ya pingili zote. Takriban thuluthi mbili zake hupatikana katika pingili mbili za chini na sakramu. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mpasuaji: mgongo uliorudishiwa idadi kamili ya nyuzi lakini mahali pasipofaa, juu badala ya chini, bado utakuwa mgongo wenye kasoro.

Fupanyonga kama Msingi

Kwa muda mrefu madaktari waliuchunguza uti wa mgongo kana kwamba unaishia kiunoni. Aliyeipinga dhana hiyo kwa nguvu ni mpasuaji Mfaransa Jean Dubousset, ambaye alipendekeza fupanyonga zima lihesabiwe kuwa pingili mojawapo, iliyoko kati ya mgongo na miguu. Mwenzake, Geneviève Duval-Beaupère, pamoja na watafiti alioshirikiana nao, alilipatia wazo hilo hesabu. Katika makala waliyoichapisha mwaka 1998, akiwemo Jean Legaye, walieleza pembe moja ya fupanyonga ambayo imekuwa kitovu cha elimu yote iliyofuata.

Pembe hiyo, ambayo hapa itaitwa pembe ya umbo, hupatikana hivi. Uso wa juu wa sakramu, yaani jukwaa ambalo pingili ya mwisho ya kiuno hukalia, huwa umeinama. Kutoka katikati ya jukwaa hilo huchorwa mstari unaolikata kwa pembe mraba, na mwingine unaokwenda hadi katikati ya vichwa vya mifupa ya mapaja. Nafasi iliyo baina ya mistari hiyo miwili ndiyo pembe ya umbo. Kwa watu wazima wastani wake ni kati ya nyuzi 50 na 55, lakini wapo wenye nyuzi 35 na wapo wanaozidi nyuzi 75. Ukuaji ukishakoma, pembe hii haibadiliki kwa kukaa vizuri wala kwa kukaa vibaya. Ni hulka ya mtu, kama urefu wake.

Zipo pembe nyingine mbili ambazo hubadilika kila mtu anaposogea: mwinamo wa fupanyonga, unaoonyesha limelala nyuma kiasi gani, na mteremko wa sakramu, unaoonyesha jukwaa limeinama kiasi gani. Ajabu ya hesabu hii ni kwamba mwinamo ukijumlishwa na mteremko, jawabu ni pembe ya umbo daima. Mtu mwenye pembe ya umbo ya nyuzi 55 anaweza kusimama akiwa na mwinamo wa nyuzi 15 na mteremko wa nyuzi 40. Akizeeka na kulilaza fupanyonga nyuma, mwinamo ukafika nyuzi 30, mteremko hauna budi kushuka hadi nyuzi 25. Hakuna kinachoongezwa upande mmoja bila kutolewa upande wa pili.

Kutokana na pembe ya umbo hujulikana mbonyeo wa kiuno ambao mtu anauhitaji. Kanuni iliyoenea tangu miaka ya 2000 ni kwamba mbonyeo wa kiuno wa mtu mzima unafaa kukaribiana na pembe yake ya umbo, tofauti isizidi nyuzi 10 hivi. Mwaka 2005 Pierre Roussouly wa Lyon, baada ya kuchunguza vijana 160 wenye afya, alionyesha kuwa migongo isiyo na ugonjwa ina maumbo manne ya kawaida, kuanzia ule wenye mbonyeo mfupi wa chini hadi ule wenye mbonyeo mrefu na mkubwa. Pasipo kulijua umbo la asili, neno 'kunyoosha' halina maana. Kiuno ambacho kwa mtu mmoja ni timamu, kwa mwenzake kitakuwa bapa.

Gharama ya Kusimama

Dubousset ndiye pia aliyetoa taswira inayotajwa mno katika fani hii, aliyoieleza katika maandishi ya mwaka 1994. Mtu aliyesimama huwa kana kwamba yumo ndani ya koni iliyogeuzwa, ncha yake ikiwa nyayoni na upana wake juu, kichwani. Mwili hauko tuli. Huyumbayumba kidogo wakati wote. Maadamu unayumba ndani ya koni, misuli hufanya kazi ndogo. Unapoukaribia ukingo, gharama hupanda, na ukiuvuka, mtu hulazimika kushika fimbo, ukuta au bega la mjukuu. Dubousset aliiita koni hiyo kwa jina linaloweza kufasiriwa kuwa koni ya uwekevu.

Mwili wenye deni haukubali kuanguka upesi, hukopa. Kwanza mbinuko wa kifua hupunguzwa ili kichwa kirudi nyuma, ikiwa pingili za kifua bado zinanyumbuka. Pili, fupanyonga hulazwa nyuma. Tatu, mapaja hunyooshwa kupita kawaida kwenye viungo vya nyonga. Mwisho magoti hukunjwa na vifundo vya miguu vikapinda. Mzee anayesimama magoti yakiwa yamekunjika huenda hana ugonjwa wowote wa magoti: anaulipia mgongo wake. Ndiyo maana picha ya mgongo iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala huficha mengi. Mashine inayopiga picha ya mwili mzima, mbele na ubavuni kwa pamoja, mgonjwa akiwa amesimama, ilitokana na kifaa cha kunasa miali kilichobuniwa na Georges Charpak, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1992. Faida yake kubwa ni kwamba hutumia mnururisho mdogo. Pasipo na mashine hiyo, filamu ndefu ya kawaida hutosha, mradi mgonjwa asimame na magoti yaonekane au yachunguzwe.

Kuhusu gharama hii, Kenya ina mchango ambao wanafunzi wengi hawausikii. Mwaka 1986 G.M.O. Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu wanawake Waluo wabebao mizigo kichwani na wanawake Wakikuyu wabebao mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza matumizi ya oksijeni wanapotembea. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa siri ilikuwa katika mwendo: miili yao, ikiwa na mzigo, iliipokezanya nguvu kama timazi inayobembea, kwa ufanisi kuliko wasio na mazoea. Isidhaniwe kuwa utafiti huo uliithibitishia jamii kwamba mzigo hauwadhuru akina mama. Ulipima nishati, pingili hazikupimwa. Lakini unaonyesha wazi kuwa uwekevu wa mwili wima ni jambo linaloweza kuhesabiwa.

Gharama ya kukosa urari nayo ilihesabiwa. Mwaka 2005 Steven Glassman na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 352 waliokuwa wameegemea mbele. Kadiri timazi ilivyosogea mbele, ndivyo maumivu yalivyozidi na ndivyo uwezo wa kufanya shughuli za kila siku ulivyopungua. Hata kuegemea kidogo kulikuwa na athari.

Funzo la Vyuma vya Harrington

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi umuhimu wa urari wa mbele na nyuma ni kile cha vyuma vya Paul Harrington. Daktari huyu wa Houston, katika jimbo la Texas, alikabiliwa na watoto wengi ambao migongo yao ilikuwa imepinda upande kwa sababu ya polio. Katika miaka ya 1950 alibuni ufito wa chuma wenye kulabu mbili, moja juu na nyingine chini, ambao ulitanuliwa kama jeki ya gari ili kuuvuta mgongo unyooke. Alichapisha matokeo yake mwaka 1962, na kwa zaidi ya miaka ishirini ufito huo ukawa tiba kuu ya skoliosisi duniani. Ulikuwa maendeleo makubwa mno: kabla yake watoto walikuwa wakifungwa katika mihogo ya plasta kwa miezi mingi.

Ila madaktari walikuwa wakitazama picha ya mbele. Kitu kinachovutwa kutoka ncha zake mbili hunyooka pande zote, na mbonyeo wa kiuno, ambao haukuwa kasoro, ulinyooshwa pamoja na kasoro. Pale ambapo ufito ulifika chini kiunoni au kwenye sakramu, mgonjwa alipata mgongo ulionyooka kama ubao na usioweza kubonyea tena, kwani pingili zilikuwa zimekwisha kugandishwa. Akiwa kijana alikopa kwa fupanyonga na mapaja. Miaka kumi au ishirini baadaye visahani vichache vilivyobaki chini ya chuma vilichakaa, mikopo ikaisha, na mtu aliyetibiwa ili asipinde akawa hawezi kusimama wima bila kukunja magoti. Katika miaka ya 1970 hali hiyo ilianza kuelezwa kwa jina la mgongo bapa. Wanaarudhi wangesema kuwa vina vilikuwa vimepatikana, mizani ikapotea.

Inafaa kusisitizwa kwamba hapakuwa na uzembe. Upasuaji ulifanywa kwa ustadi, na picha ya mbele ilithibitisha kufaulu kwake. Kilichokosekana ni dhana.

Kibyongo

Katika Afrika Mashariki kupinda mbele hakukuanza na chuma. Kiswahili kina neno 'kibyongo', na chanzo kimoja kikubwa cha kibyongo ni kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa uliopewa jina la Percivall Pott, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1779. Wadudu wa kifua kikuu hula sehemu ya mbele ya pingili, ile inayobeba uzito, huku matao ya nyuma yakiachwa mazima. Pingili hubomoka mbele kama ukuta uliochimbwa msingi upande mmoja, na nundu ikajitokeza mgongoni.

Dawa, zikiwemo rifampisini na isoniazidi, ndizo nguzo ya tiba, na wagonjwa wengi huponywa bila kisu. Lakini kupona maambukizi si kupona umbo. Kwa mtoto, mgongo unaweza kuendelea kupinda hata baada ya wadudu kufa, kwa vile sehemu ya nyuma huendelea kukua ilhali ya mbele imeharibiwa. Arthur Hodgson na Francis Stock, waliofanya kazi Hong Kong, walionyesha katika miaka ya 1950 jinsi ya kuufikia uozo huo kutoka mbele, kuuondoa, na kujaza pengo kwa kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Kwa mantiki ya urari, walikuwa wakirudisha kimo cha mbele kilichopotea. Jamii nyingi zimekitaja kibyongo kama laana au kama umbile, na hadithi zetu hazikosi lawama katika hilo. Mtoto mwenye nundu changa inayouma anahitaji hospitali, na anaihitaji mapema, kabla miguu haijaanza kulegea.

Kukata ili Kunyoosha

Mgongo uliogandamana ukiwa umeinama hauwezi kusahihishwa kwa mazoezi. Hauna budi kukatwa. Mwaka 1945 Marius Smith-Petersen wa Boston na wenzake walieleza namna ya kuondoa kabari ya mfupa kwenye viungo vya nyuma vya pingili, kisha kuufunga mwanya. Kila mahali panapokatwa hivyo hurudisha nyuzi 10 hivi za mbonyeo. Mwaka 1985 Ejvind Thomasen wa Denmark alieleza njia kali zaidi: kabari hukatwa kupitia pingili nzima, kutoka nyuma hadi karibu na ukuta wa mbele, na mwanya unapofungwa, nyuzi 30 hivi hupatikana kwa mkupuo mmoja. Fundi wa mbao anayekata kabari ili kupinda ubao angeielewa hesabu hii bila kufafanuliwa, ingawa ubao wake hauna neva katikati.

Damu inayopotea ni nyingi, saa ni nyingi, na neva za miguu huwa hatarini. Isitoshe, kusahihisha kupita kiasi kuna adhabu yake. Sehemu iliyokazwa huwa ngumu, iliyo juu yake hubaki laini, na pale zinapokutana pingili huweza kuvunjika au kupinda mbele, hasa kwa wazee ambao mifupa yao imepungukiwa na madini. Katika miaka ya 2010 Renaud Lafage na wenzake walipinga tabia ya kumtafutia kila mtu vipimo vya kijana. Walionyesha kuwa vipimo vinavyoambatana na maisha mazuri hulegea kadiri umri unavyoongezeka, na kwamba mzee wa miaka 75 anaweza kuishi vizuri akiwa ameinama kiasi ambacho kingemtesa mtu wa miaka 35. Haya ni marekebisho muhimu. Bila hayo, kipimo kilichobuniwa kumlinda mgonjwa kingegeuka kisingizio cha kumkata zaidi.

Kiungo Bandia na Mgongo Uliokazwa

John Charnley wa Uingereza alipofanikisha ubadilishaji wa kiungo cha nyonga mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikombe cha plastiki na tufe la chuma vilitazamwa kama mambo ya nyonga pekee. Mwaka 1978 George Lewinnek na wenzake walipendekeza eneo la usalama: kikombe kiinamishwe nyuzi 40 na kielekezwe mbele nyuzi 15, pakiwa na ruhusa ya nyuzi 10 kila upande. Kwa miongo kadhaa wapasuaji walilenga hapo. Lakini wapo wagonjwa ambao viungo vyao viliteguka ingawa vikombe vilikuwa ndani ya eneo hilo.

Sehemu ya jibu imo katika kitendo cha kuketi. Mtu mwenye mgongo mwepesi anapoketi, fupanyonga lake hulala nyuma kwa nyuzi 20 hivi. Kikombe, kwa kuwa kimo ndani ya fupanyonga, hufunguka kuelekea mbele na kulipisha paja linaloinuka. Sasa mtu ambaye kiuno chake kimegandishwa kwenye sakramu hana msogeo huo. Anapoketi, fupanyonga hukaa palepale, shingo ya mfupa wa paja ikagonga ukingo wa mbele wa kikombe, na tufe likachomoka kwa nyuma. Kinyume chake, yule ambaye fupanyonga lake limelala nyuma hata akiwa amesimama huwa kikombe chake kimefunguka mno mbele, na tufe huweza kutokea upande huo. Tafiti nyingi zimethibitisha kuwa waliogandishwa pingili za kiuno huteguka kiungo bandia mara nyingi zaidi kuliko wengine. Kwa watu wa aina hiyo wapasuaji hupima upya mwelekeo wa kikombe, au hutumia kikombe chenye miondoko miwili, ambacho asili yake ni kazi ya Gilles Bousquet huko Saint-Étienne katika miaka ya 1970.

Uhusiano huo hukimbia pande zote mbili. Nyonga iliyokakamaa ikiwa imekunjika hulilazimisha fupanyonga kuinama mbele na kiuno kubonyea kupita kiasi, na mgonjwa huja akilalamika mgongo. Hugh Owen Thomas aliligundua hilo katika karne ya 19: mgonjwa hulazwa chali, paja zima likakunjwa hadi kiuno kilale kitandani, na paja bovu, lililokuwa likifichwa na mgongo, likajiinua lenyewe. Hadi leo kipimo cha Thomas hakihitaji mashine yoyote.

Maneno ya Idhini

Maelezo yaliyotangulia yamelazimika kukwepa mitego miwili ya Kiswahili cha kawaida. Wa kwanza ni neno 'nyonga', ambalo humaanisha kiungo cha paja na pia fupa lote la kiuno cha chini. Sentensi 'nyonga imelala nyuma' inaweza kueleweka kwa namna mbili, na katika fani hii namna hizo mbili ni vitu tofauti. Kutenganisha 'fupanyonga' na 'kiungo cha nyonga' kunaondoa utata huo bila kubuni neno jipya. Wa pili ni 'uti wa mgongo'. Wazungumzaji hulitumia kwa safu ya mifupa, na pia kwa ugwe wa neva unaopita ndani yake. 'Homa ya uti wa mgongo' haihusu mifupa hata kidogo. Mgonjwa anayeambiwa 'tutakata uti wa mgongo' ana haki kamili ya kuamini kuwa atapooza. Atamkimbia daktari, na hatakuwa amekosea kutafsiri. 'Pingili' na 'ugwe wa neva' zingetosha.

Mtego wa tatu ni wa ndani zaidi. Upasuaji ambao pingili mbili au zaidi hufanywa mfupa mmoja huelezwa kwa wagonjwa kwa kitenzi 'kuunganisha'. Kitenzi hicho ni kizuri kupita kiasi. Mfupa uliovunjika huungwa, ndugu waliotengana huunganishwa, na msikilizaji hutarajia kilichokuwa kimeharibika kirejee kama zamani. Kinachotendeka ni kuondolewa kwa mwondoko, nao haurudi. 'Kugandisha', ambalo limetumiwa katika makala haya, halipendezi, lakini halifichi kitu.

Hasara yenyewe hutegemea idadi. Pingili mbili za chini zikigandishwa, viungo vya nyonga vilivyo vizima hufidia, na wengi hawaoni tofauti kubwa wanapoinama. Zikigandishwa kutoka kifuani hadi kwenye fupanyonga, kufunga kamba za viatu, kuosha miguu kwa udhu, kusujudu, kutumia choo cha kuchuchumaa na kupalilia kwa jembe fupi huwa ni mambo ya kujifunza upya, au ya kuachwa. Mengi ya hayo hayamo katika hojaji zinazotumiwa kupima ulemavu wa mgongo, zilizotungwa Ulaya na Marekani kwa watu wanaoketi vitini. Daktari wa Nairobi au Eldoret anayetaka kuyajua atalazimika kuyauliza mwenyewe, moja baada ya jingine, kabla fomu haijatolewa.